Walimutosha mu Darasa

Rumonge, 19 Septemba 1971

Yaya Batuli,

Unisamehe kwa wino uliomwagika hapo pembeni, mukono umechoka. Tangu asubuhi ninapiga muhuri tu, na kidole kimekuwa buluu sawa cha mutu aliyebanwa na mulango. Ni majira ya kuandikisha wanafunzi, na hapa ku koleji direkteri ndiye anaamua, mimi sekretere ndiye ninatukanwa.

Iko watu ku baraza ya buro hata jua halijatoka. Nikifungua dirisha tu, "Amahoro, sekretere!", wote wanasimama, na kila mumoja anaapa kwamba yeye ndiye wa kwanza. Wanataka niwaambie mutoto aende wapi: koleji, ualimu, ama shule ya ufundi. Ukimwambia muzazi, "Huyu wako mikono yake iko mizuri, umupeleke ufundi," anakuuliza, "Unasema mwanangu ni mujinga?" Ukimwambia koleji, anauliza kama iko nyama ku meza ya wanafunzi. Juzi muzee mumoja wa Nyanza-Lac alileta kijana, anasema ana miaka kumi na tatu. Nikamuuliza, "Na hizi ndevu, muzee?" Akanijibu bila hata kucheka, "Hizo ni za babu yake." Nilicheka mupaka nikaegemea ukuta. Lakini nilimukatalia, na alitoka akinilaani mimi na watoto ambao sina.

Halafu mama mumoja wa Magara alikuja na kitambaa cha ndagala wakavu. Nikamwambia mama, sipokei kitu. Akamwaga ndagala wote ku ngazi ya buro, akaenda zake. Paka wote wa Rumonge walikusanyika. Direkteri akapita, akauliza nani amefungua soko hapa.

Sasa shika moyo. Mustafa wako amepata nafasi. Direkteri alitaka kuona baba. Nikamwambia baba ni marehemu Barampama, mutu wa mulimani aliyeshuka huku kukamua mawese, akasilimu ili amuoe dada yangu. Mama ameolewa tena Ujiji, upande wa Tanzania. Anayemulea ni mimi mujomba. Akanitazama, akatia sahihi. Tumemuandika kwa jina la baba yake, Mustafa Barampama.

Ninajua unamutaka kwako. Umuache kwanza asome. Ujiji haitahama.

Ndugu yako,
Feruzi


Ujiji, 10 Oktoba 1971

Mdogo wangu Feruzi,

Alhamdulillahi! Nimeisoma barua yako, nikaenda uani kuomba, nikarudi nikaisoma tena. Allah akuzidishie, na hao wanaokulaani laana zao ziishie njiani.

Ila nikuambie jambo. Bakari, mume wangu, akishika barua yako huisoma kwa sauti barazani, na wifi zangu hawana mbavu. Huku yaya ni mtumishi wa kulea watoto wa matajiri. "Batuli, huyo kaka yako mbona anakuita mtumishi?" Nikawaambia kwetu yaya ni dada mkubwa, ni cheo. Wakasema basi yaya, lete chai. Siku nzima wananiita yaya. Na hizo "mutu" na "mutoto" zako, Bakari anasema sekretere mzima wa koleji anaandika kama amejaza ugali mdomoni. Usinune, anakutania ni shemeji yako.

Mimi mwenyewe sasa nasema kama wao. Nimekaa mno. Nilipoondoka Mustafa alikuwa hajui kufunga vifungo vya shati, na leo unaniambia yuko koleji. Sauti yake nimeisahau, Feruzi. Nakuambia wewe maana siwezi kumwambia mtu mwingine. Najitahidi nimsikie, namsikia mtoto wa jirani.

Sawa, asome. Lakini shule ikifungwa umlete. Bakari ana moyo mzuri, kwa Mustafa hana neno. Umlete nimwone tu, halafu arudi kwenye vitabu vyake.

Dada yako,
Batuli


Rumonge, 20 Februari 1972

Yaya,

Umwambie shemeji kwamba ugali tunao, na samaki iko, aje atujaze mudomo vizuri.

Nimechoka, yaya, lakini ni uchovu wa kawaida. Mvua imevunja barabara na mimi ndiye ninatumwa kutembelea wazazi. Direkteri anataka wasichana zaidi mwaka ujao. Wiki iliyopita nilikuwa Kigwena kwa mukamua mawese anaitwa Lukeba. Ana binti, Pascasie, mutoto mwenye akili, mwalimu wake wa darasa la sita amenisifia sana. Lukeba anasema msichana akisoma sana anamujibu mume. Nikamwambia asiposoma atamujibu vile vile, ila kwa makosa. Akacheka. Tulizunguka maneno hayo mupaka jioni, nguo zangu zinanuka mawese, na mwisho akasema, "Sawa, sekretere, umenichosha, mwaka ujao ninakupa." Hiyo ndiyo kazi yangu. Ninawachosha watu mupaka wakubali.

Ninarudia maneno yale yale ku kila nyumba: mutoto akisoma, amepona. Nimeyasema mara nyingi hata mimi mwenyewe ninayaamini.

Mustafa si wa kwanza, si wa mwisho. Mu hesabu anakamata, mu Kifaransa anakimbia. Mwalimu wao, Léonard, anasema tatizo lake ni kuchekesha wengine. Analala hapa koleji na wenzake, siku ya Mungu, Jumapili, anakuja kwangu, anamaliza sufuria. Amerefuka, ana sauti nzito sasa, sauti ya Barampama kabisa. Nimemwambia ombi lako. Akauliza, "Na Ujiji wanacheza mpira?" Nikamwambia wanacheza. Akasema, "Basi nitaenda."

Mu mwezi wa saba nitamuleta mimi mwenyewe na boti. Umepata neno langu.

Feruzi


Ujiji, 14 Mei 1972

Feruzi,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Boti zinafika Kigoma zimejaa watu wasio na mizigo. Mwanamke mmoja alishuka na mwiko mkononi, mwiko tu, alikuwa anasonga ugali akaondoka nao. Ukiwauliza habari za Rumonge wanatazama chini. Mwingine kasema kulianza kwa mapanga mwisho wa mwezi wa nne, halafu wakaja askari, na askari hadi leo hawajaacha kuua. Mwingine anasema wanawachukua waliosoma. Nikamwuliza waliosoma kiasi gani? Akasema, wanaojua kushika kalamu.

Kila siku naenda bandarini. Nasimama naangalia nyuso, Bakari ananijia kunirudisha nyumbani. Mdogo wangu, hata mstari mmoja. Niandikie uko hai. Niandikie Mustafa yuko wapi.

Batuli


Rumonge, 3 Juni 1972

Yaya Batuli,

Barua zako zimefika zote kwa mara moja. Mimi niko muzima. Nyumba iko. Mustafa walimutosha mu darasa katikati ya mwezi wa tano, yeye na wenzake wengi. Nilikuwa hapo. Kazi inaendelea.

Usiandike mambo mingi. Barua zinasomwa.

Feruzi


Ujiji, 25 Juni 1972

Mdogo wangu Feruzi,

Barua imefika, na furaha imefika nayo. Bakari aliifungua barazani kama kawaida yake, mimi niko uani natwanga. Akasoma: uko mzima, nyumba ipo. Nikashukuru. Halafu akasoma, "Mustafa walimutosha mu darasa," akairudia, halafu akapiga kelele: "Jamani, wamemtosha! Wameona anatosha! Kijana amepandishwa darasa, yeye na wenzake!" Anasema huko kwenu mwaka wa shule hauendi kama wetu, ndiyo maana wanapandishwa katikati. Wifi zangu wakapiga vigelegele. Mtaa mzima ukajaa mlangoni. Tulikuwa tunangoja msiba, Feruzi, sote tulikuwa tunangoja msiba, tukaletewa hongera.

Bakari akachinja jogoo. Tumepika wali, majirani wamekula wameshiba. Amesema atamnunulia mwanawe, ndivyo alivyosema, mwanawe, shati jeupe na viatu. Yuko hapa pembeni yangu, ananiambia niandike kila neno lisipotee. Anasema umwambie Mustafa akaze hivyo hivyo.

Mwambie mama yake amefurahi.

Batuli


Rumonge, 8 Agosti 1972

Yaya,

Barua yako ninayo mu mufuko wa koti. Nimeisoma, nimeirudisha, nimeitoa tena. Sijui nianzie wapi, na hii inapita ku posta. Umwambie shemeji asinunue viatu. Asinunue kwanza. Mutoto anakua, kipimo kinabadilika, umwambie hivyo.

Mu mwezi wa saba sikuja. Unajua nilikuwa nimetoa neno.

Acha nikwambie habari za kazi, hizo ninaweza. Ku koleji iko nafasi nyingi. Direkteri ameniita, hakuniangalia, akasema, "Feruzi, mwaka unaanza, madawati hayawezi kubaki namna hii. Uende ukatafute watoto." Sasa ninatembea toka Magara mupaka Nyanza-Lac. Zamani walinifuata mimi, leo ninawafuata wao. Wakiona baiskeli yangu, mulango unafungwa. Mwaka jana walileta vijana wenye ndevu wakaapa ni watoto. Juzi mama mumoja amenionyesha kijana mukubwa, ananipita urefu, akasema, "Huyu bado mudogo, sekretere. Huyu bado ananyonya." Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Kigwena nilifika kwa Lukeba. Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamwuliza, Pascasie yuko wapi? Akasema ameenda kwa shangazi. Nikamwuliza shangazi yuko wapi? Akasema, "Mbali." Nikasikia mutu anakohoa nyuma ya nyumba, kikohozi cha msichana. Nikanywa maji yake, kikohozi kikarudi. Halafu Lukeba akasema kwa heshima, "Murakoze, sekretere, umetembea mbali. Lakini shule yenu imekula ya kutosha." Nikashika baiskeli yangu.

Ningeweza kumwambia yale maneno yangu, mutoto akisoma amepona. Yalikuja mupaka ku meno, nikayameza.

Feruzi


Ujiji, 2 Septemba 1972

Feruzi,

Bakari hakusikia, kanunua. Namtuma Sikuzani, yule mama wa vitenge, anapanda huko kwa mambo yake. Anakuletea shati jeupe na viatu. Ukipenda kunijibu, mpe yeye mkononi, ni mtu wa siri, na barua haitapita posta.

Watu bado wananipa hongera. Jana mwalimu wa chuo amewaambia watoto msikitini wamwige kijana wa Bi Batuli.

Wewe unakula lakini? Mwandiko wako umekuwa mdogo mdogo.

Batuli


Rumonge, 21 Septemba 1972

Yaya Batuli,

Sikuzani amekaa ku jiko, ananingoja. Amesema hataondoka bila barua, na mimi nimesema nitaandika ukweli. Isome peke yako. Usimupe shemeji aisome barazani, nakuomba kwa jina la mama yetu.

Umekaa Ujiji miaka mingi, na maneno ya kwetu yamekutoka. Si kosa lako, ni kosa langu, niliandika sawa ninavyosema. Kwenu kutosha ni kufaa, ni kuenea. Huku kwetu, yaya, kutosha ni kutoa. Unatosha sufuria ku moto. Unatosha jino. Unatosha mutu mu nyumba. Niliandika "walimutosha mu darasa" maana posta inasomwa na sikuwa na neno lingine dogo. Nilifikiri utaelewa.

Mustafa hakupandishwa. Askari waliingia mu darasa wakamutoa. Waliita kwa majina ya baba zao, na yeye baba yake alikuwa mutu wa mulimani, wa kabila lile walilokuwa wanatafuta. Wengine ambao baba zao hawakuwa wa mulimani walichukuliwa pia, sijui kwa nini, hakuna aliyeuliza. Waliwapandisha mu kamiyo, lori ya askari. Hakuna hata mumoja aliyerudi. Nilimuuliza mutu anayejua, akaniambia, "Usiulize tena, Feruzi. Wala usitafute." Kaburi haliko, yaya. Nimetafuta hata baada ya kukatazwa.

Nimekuacha miezi yote hii ukila hongera za watu. Kila barua yako ilipokuja nilisema leo nitamwambia, na mukono unakataa. Shati na viatu nimevipokea. Viko juu ya kabati, sijafungua karatasi.

Usinisamehe haraka. Unitukane kwanza.

Feruzi


Ujiji, 17 Oktoba 1972

Mdogo wangu Feruzi,

Nakuandikia nimefunga, na daku sikula, usishangae nikikosea herufi.

Mimi nimezaliwa Rumonge. Mama yetu alinitosha miiba mguuni hapo Rumonge, nikalia mtaa mzima ukasikia. Nimetosha sufuria motoni tangu nikiwa na urefu wa mtungi. Unadhani neno la mama yangu litanitoka kwa sababu nimeolewa na mtu wa Ujiji?

Nilijua, Feruzi. Pale pale uani, mchi ukiwa juu. Bakari aliposoma "walimutosha" mchi haukushuka. Nilijua yote, hata kamiyo niliiona. Nikafungua mdomo nipige ukunga, na kabla sijapata pumzi Bakari akapiga kelele ya furaha. Alikuwa anacheka, yule mzee, anapiga magoti yake, mtoto si wake wala hajapata kumwona. Wanawake wakaja wakanikumbatia. Nikasema moyoni, acha. Leo tu. Mwache mwanangu leo awe amepanda darasa. Kesho nitawaambia.

Kesho wakaja wengine na hongera. Na keshokutwa. Ule wali niliupika kwa mikono hii, nikaula, nikamaliza sahani. Ile barua niliyokuandikia, kila neno Bakari alinitajia, isipokuwa mstari wa mwisho. Huo nilijiandikia.

Na wewe nilikukasirikia, sitakuficha. Nilisema acha naye ahangaike, acha atafute maneno. Kisha ukaanza kuniandikia habari za baiskeli na mama anayesema kijana ananyonya, nikaona unavyokwisha. Ndiyo maana nilimtuma Sikuzani. Zile nguo zilikuwa shauri la Bakari; mimi nilichotaka ni mtu wa kukaa jikoni kwako mpaka uandike.

Juzi nimemwambia Bakari. Chai yake ya futari ikapoa mbele yake. Akaniuliza, "Na jogoo uliniacha nichinje?" Nikamwambia nilikuacha. Akajifunika uso kwa kofia yake, akalia. Jana tumesoma hitima. Wifi zangu wamekaa na mimi, hakuna aliyenilaumu, na wale waliopiga vigelegele ndio waliolia zaidi.

Sasa ni zamu yako. Mwezi wa sita uliandika, "Nilikuwa hapo." Tangu siku ile neno hilo linanikaba kuliko lile jingine. Ulikuwa hapo wapi? Aliona nini, alisema nini? Mimi ni mama yake, usinitilie sukari. Sikuzani anapanda tena kesho.

Batuli


Rumonge, 29 Oktoba 1972

Yaya,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini ku sakafu.

Ulijua. Na mimi nilikuwa ninakufundisha maana ya neno.

Ilikuwa saa za hesabu, jua kali. Nilikuwa mu buro. Niliwasikia wanaita ku madarasa, na watoto wanajibu "présent", sawa wanavyojibu kila asubuhi. Hawakujua kujibu namna nyingine. Nikatoka ku baraza, muhuri bado mukononi. Wakawapitisha mbele yangu kwa mustari, mikono juu ya kichwa. Léonard mwalimu alikimbia, akashika kijana mumoja, akasema, "Huyu ni mudogo wangu, mama mumoja, baba mumoja." Askari akamwambia, "Vizuri, basi panda naye." Akapanda. Mimi niliona hiyo kwa macho yangu, na Mustafa aliiona.

Yeye alikuwa nyuma kidogo. Nikateremka ngazi. Sijui nilitaka kufanya nini, yaya, ninakuapia sijui, miguu iliteremka. Askari akaniona ninakwenda kwa yule kijana. Akamuuliza Mustafa kwa Kirundi, "Huyu unamujua?"

Mustafa akanitazama. Mutoto niliyemulisha, niliyemufundisha kuogelea. Hakutetemeka. Akasema, "Hapana. Ni sekretere tu. Anapiga mihuri." Askari akauliza tena, "Si mutu wenu?" Akasema, "Simujui hata jina." Na akatazama mbele.

Askari akacheka, akaniambia, "Rudi ku mihuri yako."

Nikarudi. Ndiyo hiyo, yaya. Nilirudi. Nilikaa ku kiti na kamiyo ikaondoka. Hakuniita, hakugeuka. Na mimi sikusema mujomba wake ni mimi. Neno moja, na sikulisema. Kila asubuhi ninakaa ku kiti hicho hicho, ninafungua dirisha hilo hilo, na ku baraza hakuna mutu. Sioni kwa nini ninaamka. Mara nyingine ninakwenda mupaka ku ziwa ninasimama mu maji ya magoti, na ninafikiri kuendelea mbele.

Umetaka bila sukari. Ndiyo hii.

Feruzi


Ujiji, 12 Novemba 1972

Feruzi,

Nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Bakari. Nimelia na bado nalia, usidhani dada yako ni jiwe.

Sauti ile niliyokuambia nimeisahau, sasa ninayo. "Simujui hata jina." Nimemsikia kabisa, na uzito wa Barampama. Asante kwa kunipa.

Sasa nisikilize, maana mimi ni mkubwa wako na mama yetu hayupo. Alimwona Léonard anapanda. Akakuona wewe unateremka ngazi, akajua unakuja kufanya ule ule upumbavu wa mapenzi. Walimutosha yeye, na yeye akakutosha wewe. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, hakuomba maji, hakuniita mimi. Alilitumia kwako. Halafu wewe unataka kwenda kulitupa ziwani? Thubutu! Nitakuja huko kwa miguu nikutoe kwa masikio.

Sikuzani ananingoja, haji tena huko mpaka mvua ziishe. Ukae naye boti moja ushuke huku, au ubaki kwenye kiti chako, mimi sichagui. Kama ni kuchoka, choka. Hakuna anayekudai usichoke. Lakini kula usiku huu, na kesho ule tena, na uniandikie umekula nini.

Batuli